Volti 7.5 kutoka kwenye kidhibiti cha volti 5

Kidhibiti volti 7805, kile cheusi chenye miguu 3 na bati mgongoni, huitwa cha volti 5, lakini chenyewe hakijui ardhi ya saketi iko wapi. Kinacholinda ni tofauti ya volti 5 kati ya mguu wa kutolea umeme na mguu wa kati. Mguu wa kati ukiungwa ardhini, unapata 5. Ukiinuliwa volti 2.5 juu ya ardhi, unapata 7.5, zinazotosha redio ya betri kavu 5. Ukoo wa vidhibiti vya 78 kwa kawaida huruka kutoka volti 6 hadi 8, kwa hiyo mbinu hii bado ina kazi. Suala ni kitu gani kiuinue mguu huo.

Jibu la haraka ni rezista mbili: ya juu kati ya mguu wa kutolea na wa kati, ya chini kutoka mguu wa kati hadi ardhini. Kosa huingia mtu anaposahau kwamba mguu wa kati nao humwaga mkondo wake, kwa kawaida miliampea 5 hivi, na kipande kingine cha aina hiyohiyo kinaweza kufika 8. Rezista ya juu ikiwa omu 470, hupitisha miliampea 10.6, ongeza zile 5, na omu 160 za chini zitakupa volti 2.5. Weka sasa kipande cha miliampea 8: redio ileile inapata karibu volti 8. Ukitumia omu 100 juu na 45 hivi chini, kosa hushuka hadi volti 0.14, ila miliampea 50 zinateketea bure saa zote, hasara kubwa kwa anayetegemea betri ya sola.

Ndiyo maana kwa volti isiyobadilishwa nachagua dayodi 4 za silikoni zilizofuatana kutoka mguu wa kati hadi ardhini, kila moja ikishika volti 0.6 na kidogo. Mkondo ukitoka 5 hadi 8, zote kwa pamoja hazisogei hata volti 0.1. Kweli, joto huzishusha, kama milivolti 2 kwa kila nyuzi kwa kila dayodi, lakini redio haitahisi hilo. Wapo watakaosema kidhibiti 317 kingemaliza yote, kwa kuwa mguu wake wa kurekebishia hutoa maikroampea 50 tu. Kwa saketi mpya wako sahihi kabisa. Kwenye bodi iliyokwisha kuchapwa, mpangilio wa miguu yake ni tofauti, na hapo hakiingii bila kukata njia.

Hatari kubwa iko kwenye solda. Dayodi moja ikiachia, mguu wa kati unaelea na volti za kutolea hupanda karibu na zile za kuingilia. Bati la mgongoni nalo limeungana na mguu wa kati, kwa hiyo likigusa kasha la chuma lililoungwa ardhini, zinarudi volti 5. Litenge kwa mika, kisha upime kwa mita kabla ya kuunga redio.