Usanifu wa Bwalo la Shule kwa Matumizi ya Siku Nzima: Mazingira ya Ushirombo, Wilayani Bukombe

1.0 Utangulizi

Ushirombo ni makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012 ulipoanzishwa Mkoa wa Geita. Tangu Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulipofuta ada hadi kidato cha nne, ongezeko la wanafunzi nchini limezidi uwezo wa madarasa yaliyopo. Katika hali hiyo, bwalo linalotumika kwa milo pekee ni rasilimali iliyolala. Milo mitatu ya dakika 45 huchukua saa mbili na robo. Hivyo, kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku, jengo hubaki tupu kwa zaidi ya saa 13. Makala haya yanafafanua masharti ya kulifanya bwalo liwe pia ukumbi wa kujisomea na wa mitihani.

2.0 Jua na Mvua

Ushirombo uko takribani nyuzi 3.5 kusini mwa ikweta. Jua kali la asubuhi na jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi. Kwa hiyo kuta hizo ziwe fupi na zenye madirisha machache. Madirisha mapana yawekwe kaskazini na kusini, ambako upenu wa takribani mita moja hukinga jua la adhuhuri. Mvua inaponyesha juu ya mabati yasiyo na dari, sauti ya mwalimu haisikiki. Dari, basi, ni sharti la kufundishia wala si pambo. Paa la mita za mraba 300 likipata milimita moja ya mvua hupokea lita 300 za maji, ambayo yakivunwa hutosheleza sehemu ya mahitaji ya kunawa mikono.

3.0 Jiko na Usafi

Moshi ukiingia bwaloni, kujisomea hakuwezekani. Jiko litengwe kwa ujia ulio wazi, na chakula kigawiwe kupitia dirisha maalumu. Agizo la Serikali kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa linarahisisha utengano huo. Sakafu iwe na mwinamo ili ikauke upesi baada ya kupigwa deki, na ratiba itenge muda wa usafi kila baada ya mlo.

4.0 Samani na Nafasi

Mwanafunzi anayekula huhitaji takribani mita moja ya mraba. Watahiniwa wakitenganishwa kwa mita 1.5 kila upande, kila mmoja huchukua mita za mraba 2.25, bwalo la wanafunzi 300 hutosha watahiniwa 133 tu. Meza nyepesi zinazokunjwa, pamoja na stoo ya kuzihifadhi, ndizo zinazowezesha badiliko hilo.

5.0 Hitimisho

Matumizi ya siku nzima huamuliwa kwenye ramani, kabla msingi haujachimbwa. Dari, ujia na stoo zikiachwa ili kupunguza gharama, shule hubaki na jumba la kulia chakula huku wanafunzi wakikosa pa kusomea.