Kipepeo Mkubwa wa Msituni, na Jinsi ya Kumpiga Picha

Jioni hii nataka kuwaeleza habari za kipepeo mmoja ambaye wengi wenu hamjapata kumwona, wala si ajabu, maana hata watu wakaao kando ya msitu wake huweza kupitisha miezi mingi bila kukutana naye. Naye si mdogo hata afichike chini ya jani. Kunjua kiganja chako, upime toka ncha ya kidole gumba hata ncha ya kidole cha mwisho. Shibiri hiyo ndiyo kadiri ya mabawa yake yakitandazwa, kwani hupata inchi 7 hata 9. Ndiye kipepeo mkubwa kuliko wote wa Afrika, na wataalamu humwita kwa Kilatini Papilio antimachus.

Mabawa yake ya mbele ni marefu na membamba, na rangi yake ni hudhurungi iliyochanganyika na rangi ya chungwa, yenye mabaka na madoa meusi. Aghalabu katika vipepeo jike ndiye mkubwa, lakini huyu ni kinyume: dume humpita jike. Tena rangi zake si pambo tu. Wataalamu waliochunguza mwili wake walikuta ndani yake sumu ya namna idhuruyo moyo. Basi rangi zile ni kama onyo kwa ndege, kwamba chakula hiki si chema.

Nchi yake ni misitu mikubwa ya mvua, kuanzia Sierra Leone upande wa magharibi, kupita Ghana, Kameruni na Kongo, hata magharibi ya Uganda. Huko Uganda mojawapo ya makao yake ni msitu wa Bwindi, ambao eneo lake ni kadiri ya maili za mraba 124. Bonde lake la chini kabisa liko kama futi 3,800 juu ya bahari, na vilele vyake hupita futi 8,500. Msitu huo ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1991, na mwaka 1994 ukaandikwa katika Urithi wa Dunia. Watu wengi huujua kwa ajili ya masokwe wa milimani, lakini umehifadhi pia aina zaidi ya 200 za vipepeo.

Habari za kipepeo huyu zilifika Ulaya zamani. Huko London alikuwako mfua fedha, jina lake Dru Drury, aliyependa mno kukusanya wadudu. Yeye na wenziwe walimpeleka Henry Smeathman Sierra Leone mwaka 1771, awatafutie viumbe vya huko. Smeathman ndiye yule aliyeandika pia habari maarufu za mchwa mwaka 1781. Miongoni mwa vitu alivyopeleka Uingereza alikuwamo kipepeo huyu, na Drury akatangaza habari zake mwaka 1782 katika kitabu chenye picha zilizotiwa rangi kwa mkono. Kwa miaka mingi baadaye wataalamu wa Ulaya walimjua kwa kipepeo yule mmoja tu aliyekauka.

Sasa mtaniuliza: kiumbe mkubwa hivi, mbona haonekani? Sababu ni kwamba maisha yake huyapitisha juu kabisa, penye vilele vya miti, futi 100 na zaidi toka chini. Huko ndiko kwenye jua na maua. Mtu aliye chini huona kivuli kikipita, akidhani ni ndege au popo. Jike hasa hashuki ila kwa nadra, ndiyo maana karibu wote waliomo katika nyumba za makumbusho ni madume.

Lakini dume hushuka, na hapo ndipo bahati ya mpiga picha. Chakula cha kipepeo ni maji matamu ya maua, nayo hayana chumvi ya kutosha. Kwa hiyo madume ya vipepeo wa aina nyingi hushuka penye mchanga wenye majimaji kando ya mito, au mahali alipokojoa mnyama, wakafyonza chumvi kwa ulimi wao mrefu ulio kama mrija. Katika aina zilizochunguzwa imeonekana kwamba dume humpa jike sehemu ya chumvi hiyo wakati wa kupandana, nayo husaidia mayai. Basi atakaye kumwona huyu mkubwa asizunguke msitu mzima akitazama juu hata shingo imuume. Na atafute mahali penye unyevu, kisha angoje.

Mambo ya kufuata ni haya. Kwanza, chagua siku ya jua, hasa jua litokalo baada ya mvua. Kipepeo hana joto lake mwenyewe kama sisi. Lazima jua lipashe moto mwili wake kabla hajaweza kuruka vema. Asubuhi yenye ukungu utangoja bure. Fika mapema, uchunguze ukingo wa mto, kisha ukae. Ukiona vipepeo wadogo wamekusanyika mahali pamoja, usiwafukuze. Wao ni ishara njema, kwani wengine wapitao juu huwaona, nao hushuka.

Pili, akishuka, usimwendee mara moja. Mwache atue, atoe ulimi wake, aanze kunywa. Macho yake yametengenezwa kwa vijicho vingi mno, nayo huona upesi kitu kinachosogea. Basi inama, nenda polepole sana, wala usipunge mikono. Zaidi ya yote, angalia kivuli chako: kikimwangukia, amekwenda zake. Piga picha ya kwanza ukiwa bado mbali, hata kama atatokea mdogo, maana huenda usipate ya pili. Kisha sogea hatua moja, upige tena.

Tatu, ieleweni kazi ya kamera. Kioo chake hakiwezi kuonyesha vema vitu vya karibu na vya mbali kwa mara moja. Kwa hiyo kipepeo akikunja mabawa, simama ubavuni pake. Akiyatandaza, mtazame toka juu, mradi kamera ilingane na mabawa yake. Hakikisha jicho lake limeonekana wazi. Na kwa kuwa hutikisa mabawa hata anapokunywa, tundu la kamera lifunguke kwa muda mfupi sana, kama sehemu moja ya 500 ya sekunde. Hata simu ya mkononi yafaa, lakini yataka usogee karibu zaidi, na subira zaidi.

Nne, andika mahali, tarehe na saa. Picha isiyo na maneno hayo ni pambo la ukutani. Yenye maneno hayo ni shahidi. Yathibitisha kwamba siku fulani, kando ya mto fulani, kipepeo huyu alikuwa hai. Mtu akitaka kujua kama msitu uliokatwa kiasi bado waweza kumlea, ataulizia mashahidi wa namna hiyo.

Na neno hili lina uzito. Vipepeo hawa wamekuwa wakikamatwa na kuuzwa kwa wakusanyaji wa ng'ambo, nao hukamatwa hapo hapo penye maji waliposhuka kunywa. Aliyeuzwa ameuzwa mara moja tu. Aliyeachwa aweza kuonyeshwa kwa mgeni leo na kesho, na kijana aliyemwongoza mgeni akapata ujira wake. Lakini hatari kubwa kupita wavu ni shoka, kwa kuwa miti mirefu ikianguka, kipepeo wa vileleni hana pa kukaa. Kumbukeni pia kwamba katika hifadhi haifai kuingia bila ruhusa na kiongozi.

Ninyi wanafunzi mnaokaa karibu na misitu mna faida ambayo mgeni mwenye kamera ya thamani hana. Yeye huja siku tatu akaondoka; ninyi mwateka maji mtoni kila siku. Mwajua mchanga gani hukaa na unyevu wakati wa kiangazi, na jua hufika pale saa ngapi. Andikeni mnayoyaona. Subira huvuta heri, na huenda shahidi wa kwanza wa mto wenu akawa mmoja wenu.