Kwa nini Pokémon GO huwakera wachezaji wa miji midogo

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

MCHEZO wa simu wa Pokémon GO, ulioanza Julai 2016, humtaka mchezaji atembee mitaani akikamata viumbe wa kubuni. Lakini usanifu wake huwapendelea wakazi wa majiji.

Vituo vya kuchukulia mipira ya kukamatia viumbe hao vilitokana kwa kiasi kikubwa na maeneo yaliyopendekezwa na wachezaji wa Ingress, mchezo wa awali wa kampuni ya Niantic ya Marekani. Penye wachezaji wengi vituo vikawa vingi. Kwa mpangilio huo, mji wa mbali kama Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, huanza nyuma ya Dar es Salaam.

Baadaye wachezaji waliruhusiwa kupendekeza vituo vipya, ila waliofikia ngazi ya 40 tu, iliyokuwa ya juu kabisa wakati huo. Asiye na vituo angeifikiaje?

Tiketi za kushiriki mapambano ya pamoja kwa mbali, zilizoanza mwaka 2020, zilileta nafuu. Hata hivyo, Aprili 2023 bei ya tiketi moja ilipanda kutoka sarafu 100 za mchezo hadi 195, na kikomo kikawa mapambano matano kwa siku. Wachezaji wengi duniani walipinga, wakiwataja wakazi wa vijijini na watu wenye ulemavu kuwa waathirika wakubwa.

Tangu mwaka 2025 mchezo huo unamilikiwa na Scopely. Kilio cha wachezaji wa pembezoni sasa kiko mezani kwake.