Mbolea Inayokimbilia Mtoni

Siku ya mvua kubwa tukisimama juu ya kilalo cha mto Kimemi, katika mji wa Butembo, tunaona maji yamegeuka rangi ya matofali. Wapita njia wanasema: Mto umechafuka. Ni kweli, lakini neno hilo halitoshi. Rangi ile ni shamba la mtu. Ni udongo wa juu, ule uliolishwa miaka mingi kwa majivu, majani na mavi ya mbuzi, nao unakwenda zake bila kuaga.

Tufahamu kwanza ni kitu gani kinachosafiri pamoja nao. Mimea inataka vyakula vingi, lakini viwili vinahusu habari yetu: azoti na fosforo. Azoti inayeyuka upesi, kwa hiyo mvua inaishusha chini ya mizizi na kuifikisha hata katika chemchemi. Fosforo ina tabia ingine: inashikamana na chembe za udongo na kutembea nazo. Basi mwenye kuzuia udongo anazuia sehemu kubwa ya fosforo. Azoti ni mjanja zaidi, yataka mizizi mingi ya kuinywa kabla haijatoroka.

Vyakula hivi vikifika katika ziwa, havibadili kazi yao: vinaotesha. Mimea midogo sana ya maji inazidi, na maji yanakuwa ya kijani. Mimea ile ikifa inashuka chini na kuoza, na kuoza kwake kunamaliza oksijeni ambayo samaki wanapumua. Aina zingine zinatoa hata sumu.

Lakini tunamsikia msomaji mmoja akisema: Kwetu Lubero na Beni, ni wangapi wenye feza ya kununua mbolea ya kiwanda? Swali ni zuri, na ziwa Victoria linajibu. Mwaka 1960 na 1961 Mwingereza Talling alipima maji yake. Miaka 30 nyuma, wengine walipopima tena, walikuta mimea midogo imezidi mara nyingi, na maji ya vilindi yakikosa oksijeni kwa muda mrefu kuliko zamani. Walimaji wa kando ya ziwa lile hawakutumia mbolea nyingi ya kiwanda. Pamoja na uchafu wa miji, walioleta mambo hayo ni misitu iliyokatwa, moto wa mashamba, na udongo ulioachwa uchi.

Na sisi je? Maji ya upande wa mashariki wa milima yetu yanashuka kwenye ziwa Edward na mto Semliki, kisha ziwa Albert na Nili. Ya magharibi yanakwenda Kongo. Wavuvi wa Kyavinyonge na Vitshumbi wanakula ao kulala na njaa kufuatana na maji hayo. Hubert Damas, Mbelgiji, alipima ziwa Edward katika miaka 1935 na 1936. Bila hesabu za namna hii, mtu hajui kama ziwa linabadilika ao ni macho yake yanayozeeka.

Dawa zinajulikana. Kule Iowa, Marekani, wataalamu walipanda majani ya asili katika sehemu moja ya 10 ya shamba, kwa mistari inayokata mtelemko. Udongo uliopotea ulipungua mara 20, na fosforo mara 4. Lakini mashamba ya kule ni makubwa. Mama mwenye shamba dogo la maharagi hatatoa mstari mmoja kama majani yake hayalishi mbuzi na sungura wake. Tena tangu mwaka 2014, kwa sababu ya mauaji ya Beni, familia nyingi zimeacha mashamba ya mbali na kulima mahali popote penye usalama, hata penye mtelemko mkali. Kuwagombeza hakufai kitu.

Wazee wetu wanakumbuka jambo lingine. Wakati wa Wabelgiji, mifereji ya kuzuia mmomonyoko ilichimbwa kwa lazima, na uhuru ulipofika mwaka 1960 wengi waliiacha, wakifurahi. Maarifa hayakuwa mabaya, ila hayakuwa yao. Katika Machakos, Kenya, watu walikwenda Nairobi mwaka 1938 kukataa ng'ombe wao wapunguzwe kwa nguvu. Lakini nyuma yake vikundi vyao vya mwethya, wanawake wengi ndani yake, vilichimba matuta ya «fanya juu» mlima kwa mlima, kwani waliona mavuno yanaongezeka.

Butembo tunayo Université Catholique du Graben, iliyoanza mwaka 1989, na kitivo chake cha kilimo. Tunayo mashirika ya wakristu kila mtaa, na katekista anayejua mwenye kila shamba. Yafaa pande hizi mbili zikutane. Tunashauri kuanza na kijito kimoja chenye mashamba pande zote. Watu wa shirika wachague wenyewe mahali pa kupanda majani, na pa kuchimba shimo la maganda ya kahawa yanayotupwa leo majini. Wanafunzi wapime azoti na fosforo, na warudi kusoma hesabu mbele ya walimaji, si katika kitabu tu. Katikati ya vipimo vyao, katekista ateke maji kila mvua kubwa katika chupa nyeupe, juu na chini ya mashamba, aandike tarehe, ayaache yatulie usiku mmoja. Asubuhi apime kwa rula udongo uliolala chini, na mwenye shamba awe pale akitazama.