Bata Limekwisha, Mwili Unagoma

Wikiendi ya Zanzibar ilikuwa bomba: Nungwi mchana, Forodhani usiku, picha kibao. Sasa mko kwenye boti mnarudi Dar. Washikaji wanacheka, wewe jasho jembamba linakutoka na mate yanajaa mdomoni. Unanyamaza, hutaki kuwaharibia raha.

Sema! Mara nyingi ni bahari tu: sikio la ndani linahisi boti inayumba, macho yanaona kiti kimetulia, ubongo unachanganyikiwa. Weka simu pembeni, kaa katikati ya boti, tazama mbali bahari inapokutana na mbingu. Dawa ya kuzuia kutapika humezwa kabla ya safari.

Kipimo ni nchi kavu. Kichefuchefu cha bahari kwa wengi hutulia mkishashuka. Homa, kutetemeka au kuharisha usisingizie uchovu wala pombe za jana. Malaria kwa kawaida huanza kujionyesha siku 7 au zaidi baada ya mbu kukuuma, kwa hiyo huenda uliondoka nyumbani nayo. Kapime siku hiyo hiyo. Ukiharisha, changanya lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, unywe kidogo kidogo.

Na nyie mlio wazima: rafiki anayeishi peke yake msimwache getini na "pole, tutaongea kesho". Mmoja wenu alale kwake. Bata si mlikula wote?