Kuwinda kwa Gharama Ndogo: Wafanyakazi wa Marekani Wanavyopanga Safari Zao



Wawindaji wa Kimarekani tunaowajua sisi ni wale wanaokuja kwa ndege. Hulipa maelfu ya dola, hupewa magari, wapishi na kiongozi wa porini, na sisi wenyeji kazi yetu huwa kubeba mizigo. Ndiyo maana ndugu wengi hudhani kwamba hata huko kwao uwindaji ni mchezo wa matajiri. Sivyo. Kila mwaka mafundi, madereva na wafanyakazi wa viwandani nchini Marekani huingia msituni kwa mipango yao wenyewe, bila kumlipa kiongozi wala mwenye shamba. Tunaeleza hapa wanavyofanya, kwa sababu ndani yake mna mafunzo ya umoja, likizo na ardhi.

1. ARDHI YENYEWE

Serikali kuu ya Marekani inashika ardhi ya umma ipatayo ekari milioni 640, yaani zaidi ya robo ya nchi nzima. Sehemu kubwa iko magharibi. Hifadhi za taifa, kama Yellowstone, hazina ruhusa ya kuwinda. Lakini katika misitu ya taifa, na katika nyanda zinazosimamiwa na idara ya ardhi, mwananchi mwenye leseni huwinda bila kulipa kodi ya kuingia. Huweza pia kupiga hema bure, kwa kawaida mpaka siku 14 mahali pamoja.

Si majimbo yote yenye neema hiyo. Texas, zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za ardhi ni mali ya watu binafsi, na asiye na shamba hana budi kumlipa mwenye nalo. Kwa hiyo swali la kwanza la mfanyakazi ni hili: ardhi ya umma iko wapi? Hununua ramani, akaisoma mezani miezi mingi kabla ya kugusa bunduki.

2. LIKIZO

Hapa ndugu zetu wa Marekani wako nyuma yetu. Sheria ya Tanzania inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka, na ya Kenya siku 21 za kazi, zote kwa malipo. Sheria ya taifa ya Marekani haimlazimishi mwajiri wa kampuni kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo. Mwenye mkataba mzuri wa chama ana likizo yake. Asiye nao huomba huruma ya msimamizi.

Basi likizo hupangwa mapema pamoja na leseni. Katika jimbo la Colorado, maombi ya leseni zinazotolewa kwa bahati nasibu hufungwa mwanzoni mwa Aprili, na uwindaji wa bunduki huanza Oktoba. Anayengoja mpaka Septemba huenda akakosa leseni, na likizo ameshanyang'anywa na wenzake wa zamu.

3. HESABU YA FEDHA

Tuchukue mfano wa elki. Huyu ni mnyama mwenye pembe za matawi, na dume lake lina kilo 300 hivi, sawa na ng'ombe wetu wa kienyeji. Kwenda na kiongozi wa kulipwa hugharimu kiasi cha dola 5,000 au zaidi. Kwenda wenyewe ni hesabu nyingine.

Tuseme watu wanne wanatumia gari moja, na mafuta ya kwenda na kurudi ni dola 360. Kila mmoja atatoa 90. Hema wanalo, sufuria wametoka nazo nyumbani, na chakula ni kile ambacho wangekila hata wasingesafiri. Mzigo mzito ni leseni. Mkaazi wa Colorado hulipa chini ya dola 100 kuwinda elki. Mgeni wa jimbo lingine hulipa zaidi ya 700. Kwa hiyo njia ya nafuu kuliko zote ni kuwinda katika jimbo lako mwenyewe, na safari ya mbali kuiwekea akiba kidogo kidogo kila mshahara.

Nyama isiingizwe katika hesabu. Colorado, katika wawindaji watano wa elki, karibu mmoja tu ndiye hupata. Na kuuza nyama hiyo ni kosa.

4. KAZI YA PORINI

Milima ya huko hupita mita 3,000, na mwezi Oktoba theluji huweza kuanguka. Sheria ya Colorado inamtaka mwenye bunduki avae nguo na kofia ya rangi kali ya machungwa au ya waridi, asije akapigwa risasi na mwenzake. Elki mmoja akichinjwa na kutolewa mifupa hutoa nyama kama kilo 90. Kuiacha ioze ni kosa. Mtu mmoja ataibeba safari nne au tano mgongoni. Watu wanne wataimaliza kwa safari moja. Hapo ndipo umoja unapoonekana kwa macho.

5. NANI ANAFUNGA NJIA?

Ardhi ya umma isiyofikika haina faida. Tangu miaka ya 1860 serikali yao iliyagawia makampuni ya reli vipande vya ardhi kwa kurukaruka, kimoja cha kampuni, kimoja cha umma, mfano wa ubao wa drafti. Leo matajiri walionunua vipande vya reli wanadai kwamba hata kuvuka kwenye pembe, mahali vipande viwili vya umma vinapogusana, ni kuingia kwao.

Mwaka 2021 wawindaji wanne wa Missouri walikwenda Wyoming, wakaweka ngazi juu ya pembe hiyo, wakavuka bila kukanyaga ardhi ya mwenye shamba. Walishtakiwa, na mwaka 2022 jopo la raia likawaona hawana hatia. Mwenye shamba naye akafungua madai ya mamilioni ya dola. Wawindaji wenzao wakachanga fedha za mawakili. Machi 2025 mahakama ya rufaa iliamua kuwa wanne wale walikuwa na haki, ikitegemea sheria ya mwaka 1885 inayokataza kuwafungia watu ardhi ya umma.

Ndugu, makala hii si ruhusa ya kuchukua mtego na kuingia porini. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania huwezi kuwinda bila leseni. Tunalotaka mshike ni hili: mfanyakazi yule anakwenda msituni kwa gharama ndogo kwa sababu ardhi ni ya wote, likizo imeandikwa katika mkataba, na wenzake wanachangia gari na mzigo. Kimoja kikiondoka, uwindaji unabaki wa wenye fedha. Nasi tuna vyetu vya pamoja: kiwanja cha michezo, njia ya kwenda mtoni, mashamba ya chakula kando ya estate, siku za likizo. Tawi lolote litakaloona kimojawapo kinazungushiwa waya, lisingoje. Liitishe mkutano, liandike barua, na lichange mapema.