Aliyeanguka na Baisikeli Njiani

Njia itokayo Newala kwenda Masasi huteremka sana itokapo uwanda wa juu wa Makonde, na breki za baisikeli zikikatika mteremkoni, mpandaji hutupwa vibaya. Tukimkuta, tufanye nini?

Kwanza tusimame, na mmoja wetu arudi nyuma hadi konani awazuie wenye magari. Tumwite, akijibu, twajua pumzi yake haikuzibwa. Damu ikimtoka kwa wingi, tukunje kitambaa safi, hata kanga, tukikandamize juu ya jeraha, wala tusikiondoe mara kwa mara kutazama.

Tusimwinue upesi. Ikiwa shingo au mgongo umevunjika, kumkalisha kwaweza kumpoozesha.

Wala tusimpe maji. Huku juu, ambako wazee wetu walishuka mabondeni kuteka maji, kumnyima mtu maji ni jambo zito. Lakini aliyelegea huweza kupaliwa, na daktari akitaka kumpasua, tumbo tupu ni salama zaidi.

Tutume mtu hospitali iliyo karibu, ya Newala au ya Mkomaindo huko Masasi. Nasi tukae naye, tumfunike, tuseme naye. Hata mgeni tusiyemjua ana watu wamngojeao nyumbani.